Kocha Nasambu na Jina la Trizah

Phanice Nasambu alifundisha mpira wa wavu kwa miaka kumi na tisa katika shule isiyo na kiwanja. Shule yetu, Bonde Jipya, imebanwa pale Kawangware kati ya kanisa la mabati na karakana ya kutengeneza vitanda, na mahali pekee penye uwazi ni ua wa paredi. Hapo ndipo alipofunga wavu wake. Mpira ulipovuka ukuta na kuangukia kwa maseremala, waliurusha tena ukiwa na vumbi la mbao, na Jumatatu waliuliza kwa sauti kutoka upande wa pili, "Coach, tumeshinda ama tumeshindwa?"

Mimi nafundisha Kiswahili shuleni hapo. Naitwa Kasyoka. Meza yangu ilipakana na ya Phanice katika chumba cha walimu, na mwaka wake wa tatu aliniomba niwe nikimwandikia pointi wakati wa mechi, kwa sababu nina mwandiko unaosomeka. Ndivyo nilivyokuwa msaidizi wake. Mengi nitakayosimulia niliyaona kwa macho. Mengine aliniambia mwenyewe baadaye, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za duka lililofungwa pale Dagoretti Corner, maana wakati huo hakuruhusiwa tena kuingia shuleni.

Alizaliwa Kimilili. Akiwa na miaka ishirini alikuja Nairobi kuchezea timu ya shirika moja, na kwa misimu minne alilipwa ili aruke. Kisha goti la kulia likakatika mshipa, akafanyiwa upasuaji, na aliporudi mazoezini akakuta jezi yake imevaliwa na mtu mwingine. Akaolewa na Vincent, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, wakapanga chumba Gatwekera, Kibera. Mwaka 2006 Bonde Jipya ikamchukua kuwa mwalimu wa michezo wa mkataba. Kila asubuhi alitoka Gatwekera kwa miguu, akapita kituo cha Olympic, akakata kando ya soko la Toi kabla wauzaji wa mitumba hawajafungua marobota, akaifuata barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha Kawangware. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa uani, filimbi mdomoni, na goti limefungwa bendeji.

Hakuwahi kuajiriwa na serikali. Lakini mwaka 2016 walimu wa michezo wa kaunti yetu ndogo walimchagua kuwa katibu wao, na hiyo kazi aliichukulia kama ibada. Katibu ndiye anayekagua fomu za wachezaji wa shule zote: picha, cheti cha kuzaliwa, namba ya usajili. Akiridhika, anapiga muhuri. Bila muhuri wake hakuna mtoto anayekanyaga uwanja. Makocha walijua kwamba kwa Phanice huwezi kupenyeza mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2018 aliisimamisha timu nzima ya wasichana ya shule moja ya Kibera, asubuhi ya nusu fainali, kwa sababu wachezaji wawili walikuwa na vyeti vya kubuni. Alisoma tarehe zao za kuzaliwa kwa sauti mbele ya wenzao. Kocha wao, Nicanor, alisimama pale akiwa ameshika begi la mipira, machozi yakimlengalenga, na wasichana wake wakavua jezi mmoja mmoja.

"Nilifanya haki," Phanice aliniambia siku ile tukirudi.

"Ungewaita ofisini," nikamwambia.

"Ndiyo. Ningewaita ofisini."

Trizah Aketch alikuja kwetu kidato cha kwanza mwaka 2023, mrefu kuliko walimu wengi, mkimya, anatumia mkono wa kushoto. Wenzake walikuwa wanacheka cheka na kusukumana. Yeye alikaa kwenye dawati kama mtu aliyeazimwa kiti na anaogopa kuombwa akirudishe. Kwangu aliandika insha safi. Phanice alimwona siku ya pili, akamwita uani, akamrushia mpira. Msichana aliupokea kwa vidole, akaupandisha juu, ukashuka palepale alipotakiwa.

"Umecheza wapi?" Phanice akamuuliza.

"Nyumbani tu, Madam. Siaya."

Kufikia kidato cha tatu alikuwa mchezaji bora kuliko yeyote tuliyewahi kuwa naye. Timu ilimzunguka. Kapteni alikuwa Lenah Nabalayo wa kidato cha nne, msichana mfupi mwenye sauti ya kutoboa mabati, lakini pointi zikitafutwa, mpira ulikwenda kwa Trizah.

Huo ndio ulikuwa mwaka 2025, na shule ilikuwa inapungua. Kwa sababu ya mabadiliko ya mtaala hatukuwa tumepokea kidato cha kwanza mwaka huo. Madarasa manne yalifungwa kufuli. Walimu wa mkataba walianza kuitwa ofisini na kutoka na bahasha. Mwalimu mkuu, Bwana Kabiru, alimwita Phanice mwezi wa sita, baada ya timu kushinda kaunti ndogo.

"Halmashauri ya shule inauliza kwa nini tunalipa mwalimu wa michezo," akamwambia. "Mimi nimewaambia wangoje. Ukichukua Nairobi, ukaenda mashindano ya nchi nzima, jina la shule likasikika, hakuna atakayekugusa. Lakini kama si hivyo, Madam, sina la kusema."

Katika miaka kumi na tisa hakuwa amewahi kuchukua Nairobi. Mara mbili alifika fainali akashindwa.

Fainali ilipangwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Jumanne jioni, jua likiwa bado juu, Phanice alikwenda nyumbani kwa Trizah. Haikuwa mbali, hata wao waliishi Gatwekera, upande wa chini karibu na reli. Alitaka sahihi ya mzazi kwa ajili ya safari, na cheti halisi cha kuzaliwa, kwa sababu mpaka hapo alikuwa ameona nakala tu. Mama wa msichana, Immaculate, alikuwa ametoka kufulia watu nguo kwenye nyumba za ghorofa za Lavington, vidole vimejikunja kwa maji.

"Karibu, Coach. Keti hapo kitandani, hicho kiti kinayumba."

Mtoto wa kike wa miaka kama sita aliyekuwa mlangoni alimtazama mgeni, kisha akakimbia uchochoroni ambako Trizah alikuwa anaosha vyombo. Phanice akamsikia akiita, "Mama! Mama! Mwalimu wako amekuja!"

Immaculate alijifanya hakusikia. Alivuta bahasha ya kaki kutoka chini ya godoro, akaanza kuchambua karatasi ndani yake, na cheti kilipotoka kilivuta karatasi nyingine ikaanguka miguuni pa Phanice. Akaiokota. Ilikuwa programu ya mazishi, nakala ya kurudufu iliyofifia. Juu kulikuwa na picha ya msichana mdogo mwenye uso wa duara na mwanya. Chini yake: Trizah Aketch, 2008 – 2022.

Phanice aliniambia alisoma mara tatu. Alifikiri labda ni jamaa mwenye jina moja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Immaculate akaketi sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

"Huyo ndiye Trizah."

"Na huyu wangu?"

"Huyo ni Rosebella. Dadake mkubwa."

Msichana alikuwa amefika mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Hakuingia na hakukimbia.

Immaculate alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Mabinti zake wote wawili walilelewa na bibi yao Siaya huku yeye akitafuta kazi Nairobi. Rosebella alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2017, akaingia kidato cha kwanza, akapata mimba, akafukuzwa. Baada ya kujifungua walijaribu kumrudisha. "Mnasema serikali inaruhusu waliozaa kurudi. Coach, nilienda shule tatu. Ya kwanza walicheka. Ya pili walisema watanipigia simu." Miaka ikapita. Trizah naye akafanya mtihani wake mwaka 2022, akafaulu. Krismasi ileile malaria ikampanda kichwani, na siku mbili baada ya sikukuu akafa.

"Wiki mbili baada ya kuzika, barua ya kuitwa shule ikatoka. Ya hapa Kawangware, kwa sababu nilijaza kwamba naishi Nairobi. Nikaishika. Nikasema, mtoto ameenda, hata nafasi yake nayo iende? Na huyu mwingine amekaa hapa, akili anazo, ananitazama?" Akajifuta uso kwa kanga. "Majirani hapa hawakuwa wanajua mabinti zangu kwa sura. Niliwaambia tu nina msiba nyumbani. Nikarudi na huyu, nikawaambia ndiye Trizah. Mpaka leo wananiita Mama Trizah."

"Una miaka mingapi?" Phanice akamuuliza msichana.

"Ishirini na mbili, Madam."

"Kwa nini ulikubali kucheza? Ungesoma tu, hakuna mtu angekuangalia."

Rosebella alitazama mikono yake. "Uliniita, Madam. Hakuna mtu alikuwa ameniita kwa jambo lolote tangu nizae."

Phanice aliondoka na cheti mkononi. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu, lakini aliipita, akafika hadi Olympic ndipo akatambua. Akarudi. Vincent alikuwa anapiga brashi bawaba za mlango wa mteja nje ya chumba. Akamwambia yote, wamesimama pale pale.

"Si wewe ndiye ulimtoa Nicanor?" Vincent akauliza.

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Sijui, Vincent."

Angeweza kumtoa kimya kimya. Angesema amejeruhiwa mguu, na hakuna ambaye angeuliza. Alikwenda shuleni Jumatano akiwa ameamua hivyo. Lakini alipofika uani aliwakuta tayari wamefunga wavu wenyewe, wanaimba, na Lenah ameandika kwa chaki kwenye ukuta wa maseremala NAIROBI NI YETU. Akajiambia atamtoa Alhamisi. Alhamisi Bwana Kabiru alisimama mbele ya paredi akawaombea wachezaji kwa majina, na Phanice akajiambia Ijumaa. Ijumaa aliniomba nihakikishe fomu zote ziko kwenye faili. Nilimkuta ameshika ya Trizah peke yake, muhuri wake mwenyewe wa katibu uko pale chini, wino wa zambarau.

"Kuna shida?" nikamuuliza.

"Hakuna."

Nilimwona amekonda uso ndani ya siku tatu. Sikuuliza tena, na hilo nalijutia.

Fainali ilichezwa katika shule moja upande wa Eastlands. Tulipoteza seti ya kwanza na ya pili. Kisha Rosebella, ambaye sisi sote tulimwita Trizah, akaanza kupiga kutoka nyuma ya mstari kwa mkono wake ule wa kushoto, na wale wasichana wa upande wa pili wakawa hawajui mpira unatoka wapi. Tukashinda ya tatu na ya nne. Ya tano nilikuwa naandika pointi na kalamu inateleza kwa jasho. Ilipoisha, kumi na tano kwa kumi na tatu, wasichana walirundikana chini wakilia na kupiga kelele. Lenah alikimbia akamtafuta kocha amkumbatie, hakumwona. Nilimpata nyuma ya vyoo, ameshika ukuta, anatapika. Nilifikiri ni furaha. Nilimletea maji na nikampongeza.

Jumatatu saa nane mchana pingamizi likafika. Lilikuwa la Nicanor. Timu yake tuliifunga kwenye nusu fainali, kwa hiyo alikuwa na haki ya kulalamika. Shemeji yake alifundisha katika shule ya msingi aliyosoma Trizah, na alikuwa amehudhuria mazishi. Nicanor aliambatisha programu ileile.

Jopo liliketi Jumatano katika maktaba ya shule moja, watu watano nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti akiwa mama mmoja mwalimu mkuu mwenye miwani. Mimi niliitwa kama msaidizi wa timu. Phanice alivaa suti ya samawati aliyokuwa akivaa kwenye mikutano ya katibu. Rosebella alikuja na sare ya shule.

Nicanor alizungumza kwanza, na hakupandisha sauti. "Mwaka 2018 Mwalimu Nasambu alisoma vyeti vya wasichana wangu mbele ya watu. Sikumchukia. Nilijiambia, ni sheria. Leo nataka tu kuiona sheria hiyo hiyo."

Mwenyekiti akamgeukia msichana. "Unaitwa nani?"

Rosebella alinyoosha ukosi wa sare yake.

"Trizah Aketch."

"Na huyu kwenye picha?"

Akaitazama karatasi. "Ni dadangu."

"Dada yako ndiye Trizah?"

"Ndiyo, Madam."

"Kocha wako alijua?"

Hapo aliinua uso, akamtazama mwenyekiti machoni bila kupepesa. "Hapana. Nilimdanganya yeye pia. Hakujua chochote."

Nilimwona mwenyekiti anashusha pumzi. Walikuwa wanamfahamu Phanice, hakuna aliyetaka kumwangusha. Mwenyekiti akaanza kuandika, akisema polepole anachokiandika, "Mwalimu alipotoshwa na mchezaji..."

"Nilijua," Phanice akasema.

Kalamu ikasimama.

"Mwalimu Nasambu, fikiria unachosema."

"Nilijua tangu Jumanne kabla ya fainali. Nilikwenda nyumbani kwao nikaona karatasi hiyo hiyo. Muhuri nilikuwa nimeshapiga kwa nia njema, lakini Jumamosi nilimwingiza uwanjani nikijua. Msiandike kwamba msichana alinidanganya. Anasema hivyo kunifichia."

Rosebella akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto mdogo. Hakuna aliyemnyamazisha. Nicanor alikuwa amekuja kushinda kesi, na sasa alikuwa ameshinda, lakini alikuwa anatazama viatu vyake.

"Madam," akamwambia Phanice kwa sauti ya chini, "ungenyamaza tu."

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa kumi. Ushindi ukafutwa, na nafasi ya kwenda mashindano ya nchi nzima ikapewa timu tuliyoifunga fainali. Bonde Jipya isicheze wavu kwa miaka miwili. Phanice aondolewe ukatibu siku hiyo hiyo, na asifundishe timu yoyote ya shule kwa miaka mitano. Kabla hatujainuka aliomba neno moja. "Msichana hakuiba kitu. Alitaka kusoma. Naomba muandike hivyo." Mwenyekiti akasema jopo linashughulikia michezo tu, mengine ni ya shule.

Alhamisi asubuhi alikwenda mwenyewe kuwaambia wasichana. Nilimshauri awaandikie, akakataa. Walikuwa wamekaa chini uani, wachezaji kumi na mmoja, na Rosebella hakuwepo. Walishasikia.

"Mlicheza vizuri kuliko timu yoyote niliyowahi kufundisha," akawaambia. "Makosa yote ni yangu."

Lenah akasimama. Sauti yake ile ya kutoboa mabati haikutoka.

"Madam, ni kweli ulijua Jumanne?"

"Ni kweli."

"Na Jumatano tukafanya mazoezi. Na Alhamisi. Ukatuangalia tu."

"Ndiyo, Lenah."

"Si ungetuambia? Tungecheza bila yeye. Tungeshindwa, sawa, lakini tungekuwa tumeshindwa sisi wenyewe. Mimi ni Form Four, Madam. Sina mwaka mwingine."

Lenah akavua jezi aliyokuwa amevaa juu ya sweta, akaiweka chini taratibu, akaenda darasani. Wengine wakamfuata. Upande wa pili wa ukuta maseremala walikuwa wameacha kupiga nyundo.

Bwana Kabiru alimpa barua ya kumwachisha kazi na kumkataza kurudi shuleni, kabla ya mapumziko ya chai. Si mtu mbaya. Alimkabidhi kwa mikono miwili na akashindwa kumtazama. Kuhusu Rosebella alisema hawezi kumweka shuleni mwanafunzi ambaye kisheria ni marehemu. Jina la Trizah likapigwa mstari kwenye rejista. Jina la Rosebella halikuwahi kuwamo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Phanice alizunguka shule za Kawangware, Riruta, mpaka Ngong, akitafuta hata kazi ya kuangalia maktaba. Kote walikuwa wamesikia. Wengine walimkaribisha chai, wakamwuliza habari kwa undani, kisha wakamwambia hawana nafasi. Mwezi wa kumi Vincent alinitafuta shuleni. Alisimama langoni na kofia yake ya kuchomelea mkononi.

"Mwalimu, njoo umwone. Hali chakula. Haongei. Asubuhi saa kumi na moja anaamka, anafunga bendeji kwenye goti, kisha anakaa kitandani hivyo mpaka mchana."

Nilikwenda. Alikuwa amekaa kama alivyosema, miguu sakafuni, mikono mapajani. Nilizungumza kwa muda mrefu, maneno ambayo siyakumbuki. Mwishowe akasema, "Kasyoka, unajua kitu kinachoniuma? Si kazi. Ningemwambia tu kaa benchi. Maneno mawili. Angemaliza shule."

Ilikuwa kweli.

Kilichomwinua ni kwamba nilimwambia kuna mtihani wa kidato cha nne wa watahiniwa wa kibinafsi. Rosebella angeweza kuufanya kwa jina lake mwenyewe, kama angepata cheti chake cha darasa la nane. Cheti kilikuwa kimebaki Siaya. Phanice alivaa ile suti ya samawati akaenda kumtafuta msichana, ambaye sasa alikuwa anafua nguo Lavington pamoja na mamake. Walisafiri pamoja. Mara ya kwanza mwalimu mkuu wa shule ile ya msingi hakuwepo. Mara ya pili kabati lilikuwa limeliwa na mchwa na vyeti vya mwaka ule havikuonekana. Mara ya tatu walikaa siku mbili, Phanice akipiga magoti sakafuni, licha ya goti lake bovu, akipangua marundo ya karatasi, na jioni ya siku ya pili wakakiona, kona moja imeliwa, jina lote liko. Rosebella Aketch. Mwezi wa pili mwaka huu tukamsajili.

Hapa sina budi kusema kwamba kazi ya Phanice nilipewa mimi. Bwana Kabiru alinifanya mwalimu wa michezo juu ya vipindi vyangu. Nilikubali. Phanice nilimwambia mwenyewe, akaitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi nilikuwa nakwenda kwa akina Rosebella kumfundisha insha na fasihi. Phanice hakufika huko, na sikujua kwa nini mpaka siku ile ya mwezi wa tatu. Rosebella alikuwa amemwambia mamake kwamba, kwa vile amesajiliwa kwa jina lake, hataitikia tena jina la Trizah, hata nyumbani, hata mbele ya majirani. Mwanawe pia amwite mama wazi. Immaculate alikataa kwa wiki nzima. Kisha asubuhi ya Jumamosi hiyo, kwenye foleni ya maji, jirani mmoja akamsalimu kama kawaida, "Mama Trizah, habari ya asubuhi?" na yeye akaweka mtungi chini akasema, "Trizah alikufa."

Nilipofika saa tisa, wanawake wa vyumba vya ploti ile walikuwa wamejaa. Walikuja na chai na mandazi, mabenchi yakatolewa nje, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa. Walikuwa wamekuja kumpa pole ya mtoto aliyezikwa miaka mitatu iliyopita. Wengine walikuwa na hasira ya kudanganywa, ilionekana usoni, lakini walikuja. Immaculate alikuwa anajirusha chini akimwita Trizah kwa jina, analia kilio ambacho nadhani hakukilia Siaya, kwa sababu kule alikuwa tayari anawaza la kufanya. Rosebella alimshika mabegani. Yule mtoto alisimama kati yao, haelewi.

Phanice alikuja akiwa amejifunga leso. Alikuwa ameshafika karibu na mlango Immaculate alipomwona.

"Huyo asiingie," akasema, na wimbo ukakatika. "Alikuja nyumbani kwangu akaona. Angemwacha mtoto wangu akae chini tu, asicheze, angekuwa shuleni leo. Alitaka kombe lake. Asiingie."

"Mama, ndiye alinitafutia cheti," Rosebella akasema.

"Asiingie!"

Phanice hakujitetea. Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama kando ya mtaro, mikono imefumbatwa mbele. Wanawake wakaendelea na wimbo, kisha mzee wa kanisa akaomba, maombi marefu, akamtaja Trizah, akamtaja Rosebella, akataja mtihani. Phanice aliinamisha kichwa muda wote huo. Mtu alipopita na birika ya chai, hakumfikia. Maombi yalipokwisha akaitika amina kwa sauti ya chini, akageuka, akaenda nyumbani.